Ukame ndio uliowashusha watu mtoni, na mafuriko yakawakuta huko

Kwako Mhariri,

Kila mto Tana unapovunja kingo zake, tangazo huwa lile lile: wakaazi wa mabondeni wahamie sehemu za juu. Zinafuata picha za mashua na mahema, magunia ya unga yanagawanywa, maji yanashuka, na habari inaishia hapo. Sisi tunaoandika barua hii tunashughulika na maji, mifugo na mashamba ya kando ya mto kutoka Garissa hadi Garsen. Tunaomba tangazo hilo libadilike, na kazi yake ianze miezi kabla ya mvua. Husemwa kwamba watu wa huku ni wakaidi, hawasikii. Ukweli ni kwamba wengi wao walihamia pale mtoni miaka michache tu iliyopita, na kilichowahamisha ni ukame.

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Familia iliyobakiwa na mbuzi wachache haiwezi kuendelea kukaa mwendo wa siku nzima kutoka majini, kwa hiyo huteremka. Mtoni kuna maji, kuna vibarua vya kupalilia ndizi na kuchuma maembe, na lori la msaada hufika kwa sababu kuna barabara. Mahali panapopatikana kujenga ni pale ambapo wenyeji wa zamani hawakujenga: mikondo ya kale ya mto. Kwa macho ya mgeni ni uwanja mzuri, tambarare, udongo mweusi, hauna mawe wala miiba. Mwaka wa kwanza unapita bila maji, wa pili unapita, na wa tatu kinajengwa choo na madrasa. Vuli ya 2023 ilipokuja na El Nino, mto ulipita njia yake ya zamani, na masika ya 2024 ukapita tena kabla watu hawajamaliza kukausha magodoro. Nchini kote walikufa watu zaidi ya 150 katika msimu wa kwanza, na karibu 300 katika wa pili.

Ukitaka kuona jinsi ukame unavyomfunga mtu mtoni, tazama pampu ya petroli ya inchi 3, ile inayonguruma kwenye mashamba ya ndizi na matikiti kati ya Madogo na Hola. Pampu hiyo inaweza kusukuma maji mita 25 au zaidi kwenda juu, lakini kuyavuta haiwezi kupita mita 7 hivi, maana uvutaji hutegemea uzito wa hewa, na injini hata iwe na nguvu kiasi gani haiongezi kitu. Kwa hiyo mto ukipungua, mkulima huishusha pampu ngazi baada ya ngazi, mpaka inakaa juu ya mchanga ndani ya bonde lenyewe. Hapo ndipo maji yanapoikuta usiku yakipanda. Mara nyingi ni mali ya kikundi, imenunuliwa kwa mifugo iliyouzwa kabla haijafa, na bado ina deni. Mwenye zamu akisikia mto unavuma anarudi kuichukua gizani, na wengine hawarudi. Anayemwita mtu huyo mkaidi hajui anachokiokoa ni nini.

Pampu inaweza kuokolewa bila mtu kuingia majini, lakini maandalizi hufanywa wakati wa kiangazi. Ifungwe kwenye magogo mawili mfano wa sleji, na kamba nene ya mita 30 iwe imefungwa kwenye mti ulio juu ya kingo. Paipu ya kuvutia ifungwe kwa kiunganishi cha kuzungusha kwa mkono badala ya waya uliokazwa kwa koleo, maana waya huo ndio unaokula dakika 20 gizani. Hapo watu watatu wanaivuta wakiwa juu pakavu. Ikiwa imekwisha kuzama, kosa kubwa ni kuvuta kamba ya kuwashia mara tu inapotolewa. Maji hayabanwi, na yakiwa ndani ya silinda hupinda fimbo ya pistoni. Toa plagi kwanza, mwaga petroli na oili yote, vuta kamba polepole hadi maji yaishe kutoka tundu la plagi, tia kijiko cha oili ndani ya silinda, kausha kichujio cha hewa, safisha kabureta, kisha tia oili mpya. Iwashe kwa dakika chache, uimwage oili hiyo pia na kutia nyingine. Pampu iliyohudumiwa siku ileile hupona, lakini ikiachwa wiki moja ndani ya matope hugeuka chuma chakavu.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, kwa sababu tangazo linachanganya mambo mawili yasiyofanana. Kuna mafuriko ya laga, yaani korongo linalopitisha maji wakati wa mvua tu, na kuna mafuriko ya mto.

Ya laga hutokana na mvua ya hapahapa au ya vilima vya jirani. Ardhi iliyokaa miaka bila nyasi hainywi maji inavyodhaniwa. Matone hupiga udongo mtupu, chembe laini huziba vitundu, na ganda gumu hufanyika katika mvua ya kwanza. Kuzunguka visima na silanga, yaani mabwawa ya kuchimbwa ya kukinga maji ya mvua, ambako mifugo ilikanyaga kutwa kucha wakati wa kiu, udongo umeshindiliwa kama sakafu. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 20. Nusu yake ikitiririka ni sawa na malori 1,000 ya maji, kila moja la lita 10,000, yanayomwagwa kwenye korongo moja ndani ya saa mbili au tatu. Laga inaweza kufika na maji ya kifua huku jua likiwaka, kwa kuwa mvua ilinyesha mbali. Na nani yuko ndani ya laga wakati huo? Ni wanawake na watoto wanaochota kwenye visima vya mchanga, kwa sababu kiangazi kimekausha kwingine kote. Hapa onyo hupimwa kwa saa, pengine kwa dakika, na njia yake ni simu ya mtu aliye juu kumpigia aliye chini, kijiji kwa kijiji. Kuhusu kuvuka, vipimo ni hivi: maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanamwangusha mtu mzima, ya 30 yanaweza kuinua gari dogo, na ya 60 yanachukua magari mengi yakiwemo yale makubwa. Dereva huona uso wa maji tu. Hajui kama barabara iliyo chini ya maji bado ipo au imekatika.

Ya mto ni jambo jingine. Garissa hupata mvua kidogo kwa mwaka, lakini Tana hubeba maji ya Aberdare na Mlima Kenya. Huko juu kuna mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo ghala kubwa. Likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, na kinachoingia lazima kitoke. Huku chini watu husema "wamefungua mabwawa", wakidhani kuna mtu ameshika bomba. Kwa kiasi kikubwa ni maji ya ziada yanayofurika yenyewe. Tena lipo jambo ambalo halisemwi vya kutosha: mito ya Mutonga na Kathita kutoka Mlima Kenya huingia Tana chini ya Kiambere. Hata mabwawa yote yangezuia kila tone, mito hiyo peke yake inaweza kuleta mafuriko Garissa. Kwa hiyo anayetegemea habari za Masinga pekee anasikiliza nusu ya habari.

Uzuri wa mafuriko ya mto, kama neno hilo linafaa, ni kwamba huja polepole. Wimbi likipita Garissa huchukua siku kadhaa kufika Garsen, likitanuka tambarare njia nzima. Siku hizo ni mali, lakini hupotea kwa sababu onyo linapofika kijijini limekuwa maneno matupu. "Kiwango cha maji kimeongezeka" humwambia nini mama wa Mororo, huku kando ya mto? Aambiwe maji yatafika wapi na lini. Katika mkasa wa 2024 amri ya kuhama ndani ya saa 24 ilitolewa kwa watu wa karibu na mabwawa na mito iliyojaa. Saa 24 zinamtosha mwenye gari. Mwenye mbuzi waliokonda, bibi asiyeona na watoto wanne hazimtoshi.

Pendekezo letu ni nguzo. Kila kijiji cha kando ya mto kisimikiwe nguzo tatu za zege au za mti mgumu: moja ukingoni, ya pili kwenye nyumba za kwanza, ya tatu mahali maji ya 1997 na 2023 yalipokomea, maana wazee bado wanaonyesha alama kwenye miti na kuta. Ya kwanza ipakwe rangi nyeupe, ya pili njano, ya tatu nyekundu, zote zikiwa na alama kila sentimita 50. Vijana wawili wasome nguzo ya ukingoni asubuhi na jioni kwa misimu miwili, wakiandika kwenye daftari. Vipimo hivyo vilinganishwe na vya kituo cha kupimia mto cha Garissa, na uhusiano utaonekana: Garissa ikipanda kiasi hiki, kwetu hupanda kiasi kile baada ya siku kadhaa. Baada ya hapo ujumbe wa simu unaweza kusema: "Maji yatafika njano Jumatatu jioni, nyekundu Jumatano alfajiri." Uandikwe kwa Kiswahili, Kipokomo, Kiorma na Kisomali, na usomwe misikitini na makanisani. Kinachoharibu mpango kama huu tunakijua. Nguzo husimikwa na mradi, msomaji halipwi hata fedha za vocha ya simu, na mwaka wa pili daftari linapotea. Shilingi chache kwa mwezi kwa wasomaji wawili ni kidogo sana ukilinganisha na mafuta ya helikopta ya siku moja.

Na waende wapi? "Sehemu za juu" haziko wazi kila mahali. Nyingine ni malisho ya watu wengine, na kupeleka watu huko bila makubaliano ni kuwasha moto kati ya wakulima na wafugaji. Malka, yaani njia za kale za mifugo kufika na kutoka mtoni, nyingi zimezibwa na mashamba, na nyingine zimezibwa na mathenge, mmea ulioletwa huku miaka ya 1980. Mifugo iliyobanwa kati ya mathenge na maji hufa palepale. Malka zisafishwe Agosti na Septemba, na mathenge ing'olewe pamoja na kichwa cha mzizi, sentimita 20 hivi chini ya ardhi. Ukifyeka juu tu inachipuza mashina kumi mahali pa moja, na mwaka unaofuata kichaka kimekuwa kizito kuliko kwanza.

Kuna watu ambao wangefaa kuondoka kabla ya nguzo ya njano. Zahanati ina orodha yao: wajawazito walio na wiki sita au pungufu kabla ya kujifungua, wagonjwa wa kifua kikuu, wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu. Barabara ikikatika pale Kona Punda, kati ya Madogo na mji wa Garissa, hospitali iliyo umbali wa kilomita chache huwa ng'ambo ya bahari. Mwishoni mwa Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu hapo ilizama. Watu 23 waliokolewa na wengine wakafa. Dawa za miezi mitatu zitolewe mapema msimu ukitabiriwa kuwa mzito, zifungwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mwingine, na mashua yoyote ya kuvusha isiondoke bila jaketi la kuokolea kwa kila abiria, mtoto naye awe na lake la kipimo chake.

Mifugo sasa. Watu wa mjini hushangaa kusikia mbuzi aliyevumilia ukame wa miaka miwili amekufa siku ya mvua ya kwanza. Sababu ni baridi. Hana mafuta mwilini, manyoya yamelowa, upepo wa usiku unavuma, na kufikia alfajiri zizi zima limelala. Ua wa matawi uliozibwa kwa turubai upande wa upepo, kwenye kiinuko, na nyasi kavu za kulalia huokoa wengi. Wakipona baridi, hatari inayofuata ni nyasi mbichi. Tumbo lililozoea majani makavu likijazwa majani mororo kwa ghafla, mnyama huvimba au huharisha hadi kufa. Kwa siku kumi za kwanza wapewe kwanza majani makavu asubuhi, ndipo watoke, na muda wa malisho uongezwe polepole. Dawa ya minyoo itolewe wiki mbili au tatu baada ya mvua kuanza.

Homa ya Bonde la Ufa inastahili aya yake, kwa sababu hapa ndipo ukame na mafuriko vinapoungana hata ndani ya mbu. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayotuama maji, na mayai hayo hukaa makavu miaka mingi, mengine yakiwa tayari na virusi. Maji yakituama siku kadhaa, huanguliwa kwa mamilioni. Kondoo hutupa mimba kwa wingi ndani ya siku chache, wana-kondoo hufa, kisha watu wanaugua. Mlipuko wa 2006 na 2007, uliogunduliwa kwanza upande wa Garissa, uliandikisha wagonjwa 684 Kenya na vifo 234. Somalia na Tanzania ziliguswa pia, Tanzania ikiwa na vifo 109. Soko la mifugo la Garissa lilifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku, hivi kwamba hata aliyebakiwa na mnyama mzima hakuweza kumuuza.

Chanjo ipo, lakini ina wakati wake. Mnyama huhitaji wiki mbili hadi tatu kujenga kinga, kwa hiyo ichomwe kabla ya mvua. Ikichomwa wakati ugonjwa umeshaingia, sindano moja ikitumika kwa kundi zima hubeba virusi kutoka kwa aliyeambukizwa hadi kwa wazima, na mchanjaji anageuka kuwa mbu mkubwa kuliko wote. Kila mnyama na sindano yake. Chanjo ya zamani ya Smithburn huweza kuharibu mimba, kwa hiyo isipewe kondoo wenye mimba. Wafugaji waliochanjiwa wanyama bila kuambiwa hilo waliona mimba zikitoka na wakaacha kuamini chanjo zote. Kwa binadamu, hatari kubwa iko kwenye damu na kijusi kilichotupwa kuliko hata kwenye mbu. Asiguse mtu kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mifuko ya nailoni miwili mikononi ni bora kuliko hakuna, na kijusi kizikwe kwenye shimo refu mbwa wasikifukue. Maziwa yachemshwe hadi yatokote. Mnyama mgonjwa asichinjwe, hata kama njaa inasukuma.

Kambini, kinachoua ni maji ya kunywa. Vyoo vya shimo vimebomoka na kumwagika kwenye maji yaleyale yanayochotwa. Maji ya Tana wakati huo ni kama uji wa wimbi, na kosa linalorudiwa kila msimu ni kutumbukiza kidonge cha klorini kwenye uji huo. Matope hula klorini yote kabla haijagusa kijidudu. Kwanza tia shabu, koroga hadi madonge yaonekane, acha mtungi utulie saa moja, mimina maji ya juu kwenye mtungi mwingine kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne, ndipo utie kidonge. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20. Subiri dakika 30. Mashirika yasigawe vidonge vya nguvu tofauti kambi moja. Mama aliyezoea kimoja kwa mtungi akipewa vile vidogo ataendelea kutia kimoja, na mtoto ataugua huku takwimu zikisema maji yametibiwa. Mpimaji apite nyumba kwa nyumba akipima klorini iliyobaki kwenye mtungi wa kunywa. Ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita, kuna hatua iliyorukwa.

Kisima kilichofunikwa na mafuriko husafishwa hivi. Ondoa mizoga na matope, sugua kuta, kisha pima maji. Kisima chenye kipenyo cha mita 1 na kina cha maji mita 3 kina lita 2,350 hivi, na huhitaji gramu 170 za unga wa klorini wa asilimia 70. Uyeyushe kwenye ndoo ya plastiki, acha chokaa ikae chini, mwaga maji ya juu ndani ya kisima na mengine oshea kuta, funika saa 12 au zaidi, kisha chota umwage hadi harufu iishe. Tahadhari moja ambayo vitabu vingi huipita haraka: ardhi ikiwa bado imejaa maji, usikaushe kisima chote kwa pampu kwa mara moja. Ukuta usio na maji ya kuuegemea ndani husukumwa na maji ya nje, unaporomoka, na aliye chini hatoki.

Vyoo vya kambi za muda wa kwanza ni kimoja kwa watu 50, na baadaye kimoja kwa 20, mita 30 kutoka majini. Lakini kwenye bonde la mto maji ya ardhini huwa karibu, na chini ya shimo kunatakiwa kubaki mita 1.5 ya udongo mkavu. Haipatikani. Vijengwe vyoo vya kuinuliwa, kwa magunia ya mchanga na mapipa. Mtoto akiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita.

Nafaka iliyoloa isiliwe kwa kuhurumiwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, haionekani wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 Ukambani. Mahindi yaliyoguswa na maji ya mafuriko yatupwe, na yaliyopata unyevu tu yakaushwe juu ya turubai na kupimwa: jaza theluthi ya chupa kavu, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado hayajakauka.

Maji yakishuka huacha tope laini lenye rutuba kuliko mbolea yoyote ya dukani, na Wapokomo wamelilima vizazi na vizazi. Dirisha ni fupi. Ndengu huiva kwa siku 65 hivi, kunde nayo ni ya haraka, na majani yake huliwa kabla ya hapo. Zikipandwa ndani ya wiki mbili baada ya maji kushuka, unyevu wa tope unatosha karibu hadi mavuno bila pampu. Mbegu za msaada zikifika mwezi wa tatu baada ya mafuriko, kama inavyotokea, hukuta udongo umepasuka, na familia iliyopoteza kila kitu kwa maji inaanza kuhesabu siku za ukame unaofuata. Mbegu ziwekwe Hola na Garsen kabla ya mvua, kilo 2 hivi za ndengu kwa robo ekari, zikisubiri kwenye mapipa ya kufungwa.

Nchi ina mamlaka ya ukame, NDMA, inayotoa taarifa kila mwezi kaunti kwa kaunti, na ni kazi inayostahili heshima. Taarifa hiyo inajua familia zilizoteremka mtoni, inajua hali ya malisho, inajua unene wa mbuzi. Tunaomba taarifa ya Agosti na ile ya Januari zibebe ukurasa mmoja zaidi: familia ngapi zimejenga kwenye mikondo ya kale, pampu ngapi ziko chini ya kingo, kondoo wangapi wamechanjwa, malka zipi ziko wazi, nguzo zipi zinasomwa. Na fedha za dharura ya ukame ziruhusiwe kulipia hayo, maana aliyehamishwa na kiu ndiye huyohuyo atakayehamishwa na maji. Mvua za vuli huanza Oktoba. Nguzo inaweza kusimikwa kwa siku moja.

Ni sisi,
Watumishi wa maji, mifugo na kilimo,
Ukanda wa Mto Tana